Viza ya Schengen: ofisa anasoma nini ndani ya faili lako

Kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wanaopanga safari kuna orodha moja inayozunguka mwaka hadi mwaka: pasipoti, picha, bima, tiketi, hoteli, taarifa ya benki, barua ya mwajiri. Orodha hiyo si ya uongo. Ila watu wawili wanaweza kupeleka karatasi zilezile, mmoja akapewa viza na mwenzake akarudishiwa pasipoti pamoja na fomu ya kukataliwa, kisha kundi zima likahitimisha kwamba ubalozi unagawa viza kwa bahati au kwa kuangalia sura. Kwamba bahati haimo kabisa, sitasema. Lakini majibu mengi yanaeleweka ukishajua kila karatasi iliwekwa pale ijibu swali gani, maana ofisa hakujui, hatakutembelea nyumbani, na mara nyingi hata hatakuona. Anachokijua kuhusu wewe ni kile ambacho karatasi zako zinasema, na zaidi, kama zinasema kitu kimoja au zinabishana.

Hapa nazungumzia viza ya utalii ya Schengen peke yake, yaani viza moja inayokubalika nchi 29 za Ulaya. Ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote: nchi nyingi, sheria moja, balozi tofauti. Marekani, Uingereza na Kanada kila moja ina mambo yake, na anayekupa ushauri wa viza ya London kwa safari ya Paris anakupoteza.

Nchi 29, na unaomba wapi

Schengen ni kijiji cha Luxembourg kilicho kando ya mto Moselle. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano, yaani Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani Magharibi ya wakati ule, zilitia saini hapo makubaliano ya kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao. Leo zimefika 29. Kroatia iliingia Januari 2023. Bulgaria na Romania zilifunguliwa kwa anga na bahari Machi 2024, na kwa barabara Januari 2025. Usichanganye na Umoja wa Ulaya. Uswisi, Norwei, Aisilandi na Liechtenstein hazimo katika Umoja lakini zimo katika Schengen. Ayalandi na Kupro zimo katika Umoja lakini hazimo katika Schengen. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya eneo hili hata kabla haijajitoa katika Umoja.

Stika moja, yaani viza inayobandikwa kwenye pasipoti, inakutembeza nchi zote hizo, lakini Schengen haina ubalozi. Ombi linapelekwa kwa nchi moja, na nchi hiyo huichagui kwa kuipenda. Ni ile utakayokaa siku nyingi zaidi, au ile ambayo ndiyo shabaha ya safari yenyewe. Siku zikilingana, ni ile utakayoingia kwanza. Ukipanga siku nne Paris, saba Roma na mbili Amsterdam, ombi linakwenda Italia, hata kama ndege inatua Amsterdam.

Hapa ndipo ushauri wa mitaani unapoharibu mambo. Mtu anaambiwa ubalozi wa nchi fulani ni mwepesi, anaomba huko, halafu ratiba yake inaonyesha siku mbili za nchi hiyo na tisa za jirani yake. Ofisa anaweza kusema faili hili si langu, na hapo umepoteza miadi na wiki kadhaa. Wengine hupanga hoteli za kuigiza katika nchi "nyepesi", wanapata viza, kisha wanatua kwingine kabisa. Mlinzi wa mpaka akiuliza hoteli iko wapi, hadithi inaanza kupasuka palepale kwenye dirisha, na viza iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kufutwa.

Unaomba pia katika nchi unayoishi kihalali, si popote ulipo. Mzanzibari mwenye kibali cha ukaazi Muscat anaomba Muscat, na kibali hicho ni vizuri kiwe na uhai wa kutosha baada ya tarehe ya kurudi, kwa sababu kwake yeye "kurudi" maana yake ni kurudi Oman. Lakini aliyekwenda Dubai kwa matembezi ya wiki mbili hawezi kutegemea kuomba viza ya Ulaya akiwa huko. Ataulizwa kwa nini hakuomba nyumbani. Na si kila nchi ya Schengen inatoa viza Dar es Salaam. Nyingine huwakilishwa na mwenzake, nyingine hushughulikia kanda nzima kutoka mji mmoja, mara nyingi Nairobi. Tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya nchi husika ndiyo ya kuamini kwa hili, kuliko wakala.

Ada, siku na kile kituo cha maombi

Tangu 11 Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Mdogo kuliko hapo halipi. Juu yake kuna malipo ya kituo, kama ubalozi unatumia kampuni ya nje kama VFS Global au TLScontact kupokea maombi. Kampuni hizo hupokea karatasi, huchukua alama za vidole na kurudisha pasipoti. Haziamui chochote. Mtu wa dirishani akikwambia faili lako "liko vizuri", amesema tu kwamba hakuna karatasi iliyosahaulika. Na huduma za ziada zinazouzwa hapo, chumba maalumu cha kusubiria, ujumbe wa simu, kusafirishiwa pasipoti hadi nyumbani, ni za hiari na hazisogezi uamuzi hata kidogo. Ada hairudishwi ukikataliwa.

Ombi linaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisiwe chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kuvutwa hadi siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Kwenye karatasi inaonekana nafasi ni kubwa. Kinachobana ni miadi: kabla ya likizo za Julai na Agosti, na tena kabla ya Krismasi, tarehe zilizo wazi hupotea haraka. Anayetaka kusafiri Julai aanze kuhangaika Machi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayokusudia kutoka Ulaya. Alama za vidole hutunzwa katika mfumo wa pamoja na zinaweza kutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo anayeomba mara ya pili ndani ya muda huo kwa kawaida hazichukuliwi upya.

Swali lililo nyuma ya maswali yote

Sheria ya viza ya Ulaya, ile namba 810 ya mwaka 2009 iliyorekebishwa mwaka 2019, inamtaka ofisa aangalie mambo kadhaa: unakwenda kufanya nini, utalala wapi, nani analipa, je, ni hatari kwa usalama. Lakini kuna jambo moja linaloyabeba mengine yote, nalo ni kama kuna shaka ya msingi kwamba utaondoka kabla viza haijaisha. Fomu nyingi za kukataliwa zinazowaumiza watu zina alama kwenye kisanduku hicho. Mwombaji anasoma, anakasirika: "Nimeonyesha pesa, nimeonyesha hoteli, wanataka nini tena?" Amejibu maswali mengine. Hili hakuligusa.

Kinachojibu swali la kurudi ni yale yanayokungoja nyumbani. Kwa mwajiriwa, barua ya mwajiri ndiyo nguzo, lakini barua nyingi ni dhaifu kupita kiasi. "Tunathibitisha kwamba ndugu huyu ni mfanyakazi wetu na tunaomba apewe viza" haisemi kitu. Barua inayofaa inataja cheo, tarehe ya kuajiriwa, aina ya mkataba, mshahara, tarehe za likizo iliyoidhinishwa, na siku anayotakiwa kuripoti kazini. Iwe na jina na cheo cha aliyesaini, na simu inayopokelewa. Balozi hupiga simu. Mhasibu akijibu "huyo simfahamu, ngoja niulize", kazi imekwisha.

Mfanyabiashara anaonyesha leseni, usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania), namba ya mlipa kodi na ushahidi kwamba kodi inalipwa. Mwenzake wa Kenya ana cheti cha usajili na PIN ya KRA. Mwanafunzi analeta barua ya chuo inayotaja muhula unaofuata unaanza lini. Mwenye familia anaambatanisha cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki.

Kuhusu hati ya kiwanja, watu huithamini kuliko inavyostahili. Kiwanja cha Kigamboni hakikuhitaji urudi. Kitabaki palepale ukikaa Milano miaka mitano, na shemeji atakilinda. Kinasaidia kama sehemu ya picha, hakibebi picha. Ajira yenye tarehe ya kuripoti, biashara inayosimama usipokuwepo, mtoto wa darasa la pili: hivyo ndivyo vyenye uzito.

Niseme wazi kwamba mfumo huu uliundwa ukimfikiria mtu wa mshahara. Mama mwenye genge la vitambaa Kariakoo anaweza kuwa na mzunguko mkubwa kuliko meneja wa benki, lakini fedha zake zinapita kwenye simu na mikononi, na ofisa hana pa kuziona. Si haki, ila inaweza kupunguzwa. Taarifa ya miamala ya M-Pesa au ya mtandao mwingine huombwa kutoka kampuni ya simu na kuambatanishwa. Risiti za mzigo, mkataba wa fremu, leseni yenye jina lako mwenyewe na si la mjomba, vyote vinaifanya biashara ionekane. Anayejua atasafiri mwaka ujao aanze sasa kupitisha mauzo benki.

Kuna na jambo la historia ya safari. Pasipoti yenye mihuri ya nchi ulizokwenda na kurudi kwa wakati inamwambia ofisa kitu ambacho barua haiwezi. Bahati mbaya safari zetu nyingi hazionekani: Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, wengi wanavuka kwa hati za muda, na pasipoti inabaki nyeupe kama ilivyotoka uhamiaji. Ukiwa na ndoto ya Ulaya, hizo safari za karibu zifanye kwa pasipoti na uombe igongwe. Afrika Kusini, ambako Watanzania na Wakenya huingia kwa matembezi bila viza kwa hadi siku 90, ni safari inayosomeka vizuri pia. Pasipoti nyeupe si kosa, na wapo wengi waliopata viza nayo. Inamaanisha tu kwamba karatasi nyingine lazima zifanye kazi zaidi.

Pesa: kiasi na chanzo

Kila nchi hutangaza kiasi cha chini cha kujikimu kwa siku. Ufaransa, kwa mfano, inataka euro 65 kwa siku kwa aliye na hoteli iliyothibitishwa, euro 120 kwa asiye nayo, na euro 32.50 kwa anayelala kwa mwenyeji mwenye cheti cha manispaa. Siku 10 za hoteli ni euro 650, ukiacha nauli. Kiasi hicho wengi wanakifikia. Hawakataliwi kwa upungufu. Wanakataliwa kwa jinsi pesa ilivyoingia.

Fikiria akaunti ambayo kwa miezi miwili salio lake halikuvuka shilingi laki nne, kisha wiki moja kabla ya ombi ikaingia milioni nane taslimu. Kwa ofisa, hizo ni pesa za kuazimwa zitakazorudi kwa mwenyewe stika ikishabandikwa, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kama kweli umeuza gari, umepata kiinua mgongo au umevuna korosho, weka mkataba wa mauzo au hati ya malipo, na mistari mitatu ya maelezo. Ofisa hawezi kukisia jambo jema ambalo hukumwambia.

Kosa jingine ni namba zinazogombana. Barua ya mwajiri inasema mshahara ni milioni 1.8, taarifa ya benki inaonyesha kila mwezi inaingia milioni 1.1. Wewe unajua kuna kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii na makato ya mkopo. Yeye anaona barua ya kughushi. Hati ya mshahara inayoonyesha makato yote inamaliza ubishi huo kwa karatasi moja. Hali kadhalika na gharama: mwenye kipato cha laki tisa kwa mwezi anayepanga hoteli ya euro 250 kwa usiku kwa siku 14 anaibua swali ambalo angeliepuka kwa kuchagua chumba cha kawaida.

Wenye ndugu Ulaya wana njia ya mdhamini, ila isifanywe kwa barua ya Word tu yenye "mimi kaka yake nitamgharamia". Ujerumani, mdhamini huenda ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha kipato, analipa euro 29 na kupewa hati inayoitwa Verpflichtungserklärung, ambayo kwayo serikali inaweza kumdai gharama zako zote. Ufaransa, mwenyeji huomba attestation d'accueil, kile cheti cha kupokea mgeni, kwenye manispaa anakoishi, kwa stempu ya euro 30 isiyorudishwa. Hati hizi zinajibu nani analipa na utalala wapi. Hazijibu kama utarudi. Kuwa na dada Hamburg kunaweza hata kulifanya swali hilo liwe zito zaidi, kwa hiyo usiache kuonyesha yanayokungoja nyumbani eti kwa sababu dada ana mshahara mzuri. Na usimfiche. Kama ndugu yako aliwahi kukualika, jina lake linaweza kuwa tayari kwenye mfumo wao.

Bima, tiketi na hoteli

Haya ni mepesi. Bima iwe ya angalau euro 30,000, igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani ukiumwa au ukifariki, na ikubalike nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari. Makampuni ya hapa yanaiuza.

Tiketi usiinunue kwanza. Sheria inakubali uthibitisho wa nafasi ya kwenda na kurudi, na balozi nyingi zenyewe hushauri usilipe kabla ya uamuzi. Hoteli inayoruhusu kughairi bila malipo inatosha. Tahadhari ni moja, vishoka. Wapo wanaouza nafasi za ndege zinazofutika baada ya saa 48, taarifa za benki zilizopikwa na barua za kampuni zisizokuwepo. Karatasi ya kughushi ikigundulika, tatizo si shaka tena. Ni udanganyifu, na unaandikwa kwenye mfumo ambao balozi zote za Schengen zinausoma. Fomu ina saini yako, si ya kishoka.

Kusoma stika

Viza ikitoka, wengi wanaangalia tarehe mbili kubwa na kufunga pasipoti. Kuna vitu vitatu vya kusoma pamoja. "Kuanzia" na "mpaka" ni dirisha ambalo ndani yake stika ni hai. "Muda wa kukaa" ni siku ngapi unaruhusiwa kuwa ndani. Na "idadi ya kuingia" ni 1, 2 au MULT, yaani mara nyingi.

Viza ya safari moja mara nyingi hupewa siku 15 za ziada kwenye dirisha, ili ndege ikiahirishwa usiathirike. Kwa hiyo unaweza kuona kuanzia 1 Juni mpaka 25 Juni, muda wa kukaa siku 10. Haina maana kwamba umepewa siku 25. Ukiingia tarehe 3, siku ya mwisho ni tarehe 12, kwa kuwa siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Na kama idadi ya kuingia ni 1, ukivuka kwenda London kumwona rafiki, huwezi kurudi Paris kupanda ndege yako.

Wenye MULT wanakutana na hesabu ya siku 90 ndani ya 180. Watu hudhani ni nusu mwaka kwa nusu mwaka, Januari hadi Juni halafu daftari jipya. Sivyo. Kila siku uliyo ndani ya Schengen, unahesabu nyuma siku 180, siku hiyo ikiwemo, na humo zisizidi 90. Tuseme Asha aliingia 1 Machi akatoka 29 Aprili: siku 60. Akirudi 1 Julai, siku zake zote 60 bado zimo ndani ya 180 zilizopita, kwa hiyo amebakiwa na 30, na lazima awe ametoka 30 Julai. Siku za Machi zitaanza kudondoka kwenye hesabu kuanzia 28 Agosti. Tume ya Ulaya ina kikokotoo cha bure mtandaoni; kitumie. Zamani kosa la siku mbili lilifichwa na muhuri uliofifia. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza kuweka mfumo wa kielektroniki wa kuandikisha kuingia na kutoka, hatua kwa hatua mpakani, na mashine hiyo haisahau.

Stika yenyewe si haki ya kuingia. Mlinzi wa mpaka anaweza kuuliza yale yale ya ubalozini, hoteli, pesa, tiketi ya kurudi, bima, na akakurudisha asiporidhika. Karatasi zako zisibaki kwenye sanduku lililokwenda chini ya ndege. Zibebe mkononi.

Walio na hali tofauti

Wakongomani wana mzigo ambao majirani zao hawana. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na wa Somalia, Ethiopia, Eritrea na nchi nyingine chache, wanahitaji viza ya kupita uwanjani hata kama wanabadilisha ndege tu Brussels au Paris bila kutoka nje. Wapo waliosamehewa, kama wenye viza hai ya Schengen yenyewe, au ya Marekani, Kanada au Japani. Asiye na msamaha atazuiwa na shirika la ndege kabla hata ya kuondoka Kinshasa au Entebbe, na tiketi imeliwa. Nchi moja moja zinaweza kuongeza mataifa mengine kwenye orodha zao, hivyo kila anayepita Ulaya kwenda kwingine aangalie uwanja anaopitia unasema nini juu ya pasipoti yake.

Upande wa pili ni wake na waume wa raia wa Umoja wa Ulaya, ambao si wachache Zanzibar na Mombasa. Ukisafiri na mwenzi wako, au kumfuata, kwenda nchi ya Umoja ambayo si ya kwake, viza yako ni bure, inapaswa kuharakishwa, na huwajibiki kuleta taarifa ya benki wala barua ya kazi. Unathibitisha ndoa, uraia wake, na kwamba mnasafiri pamoja au unamfuata. Mke wa Mjerumani anayekwenda naye Italia ananufaika. Akienda naye Ujerumani, nyumbani kwa mume, kwa kawaida anaomba kama watu wengine. Ni ajabu, lakini ndiyo sheria, na madirishani si kila mhudumu anaijua. Iseme mapema, kwa heshima, wakati wa kuweka miadi.

Ukikataliwa

Utapewa fomu yenye visanduku. Isome kama majibu ya daktari, usiichane. Kisanduku cha sababu ya safari kinataka ratiba na mwaliko ulio wazi. Cha kipato kinataka chanzo cha pesa. Cha taarifa zisizoaminika kinamaanisha kuna karatasi zilizopingana, na kazi yako ni kuzitafuta. Cha nia ya kuondoka kinakurudisha kwenye kazi, masomo na familia.

Una haki ya kukata rufaa dhidi ya nchi iliyokukataa, kwa taratibu zake. Ufaransa hupeleka malalamiko ya viza fupi kwenye ofisi iliyoko Nantes, ndani ya siku 30. Ujerumani ilikuwa na utaratibu wa kuuandikia ubalozi uangalie upya bila gharama, lakini ulifutwa tangu 1 Julai 2025. Sasa kilichobaki ni mahakama ya utawala ya Berlin au kuomba upya. Kwa safari ya matembezi, naona ombi jipya lililorekebishwa kwa kawaida ni la busara kuliko kesi. Hakuna muda wa lazima wa kusubiri, na sheria inasema wazi kwamba kukataliwa mara moja hakupaswi kuleta kukataliwa kwingine moja kwa moja. Taarifa zitabaki kwenye mfumo kwa miaka 5, kwa hiyo barua yako ya pili ikiri kwamba ulikataliwa na ieleze ni nini kimebadilika.

Aliyepata akaitumia vizuri anapanda ngazi. Viza tatu zilizotumika kihalali ndani ya miaka miwili humpa sifa ya kupata MULT ya mwaka mmoja, hiyo ikitumika vizuri inafuata ya miaka miwili, kisha ya mitano. Lakini viza haiwezi kuishi kuliko pasipoti. Mwenye pasipoti iliyobakiza miaka miwili hatapewa ya mitano, na kama unakaribia ngazi hiyo, ni nafuu kuibadilisha pasipoti kwanza na kwenda na ile ya zamani mkononi, yenye mihuri yake.